Nusu Iliyobaki ya Ambakisye

Siku ya thelathini na sita baada ya mumewe kuzikwa, Tupokigwe alichukua bisibisi ya nyota, akaketi kwenye mkeka, akaifungua mashine.

Hakuwa amelia. Watu waliokuja kumhani walimtazama usoni wakingoja machozi kama watu wanaongoja maji ya bomba, wakachoka, wakaenda zao. Mwili ulikuwa umekufa ganzi tangu saa ile alipoletewa habari kwamba lori la majani ya chai limepinduka kwenye kona na Ambakisye alikuwa ndani. Ganzi hiyo ilikuwa na faida moja: mikono haikutetemeka. Alifungua skrubu sita za ubavuni, akaziweka kwenye kifuniko cha chupa ya mafuta ili zisipotee, akavuta bati la pembeni. Harufu ikamjia. Haikuwa ya moto. Ilikuwa ya plastiki iliyochoka, kama mpini wa sufuria ulioachwa karibu mno na jiko.

"Mama, baba ananuka," alisema Sekela, binti yake wa miaka minne, akiwa amejishika mlangoni na kipande cha muhogo mkononi.

"Si baba. Ni feni."

"Feni ya baba?"

Tupokigwe alifikiri. "Ndiyo. Feni ya baba."

Mtoto aliridhika, akaendelea kutafuna.

Siku hizo kila nyumba ya Tukuyu ilikuwa na mashine yake, kasha la bati kwenye kona ya sebule, likisikiliza mwaka hadi mwaka jinsi wenye nyumba wanavyosema, wanavyocheka, wanavyokataa. Mtu akifa, mashine inabaki na kauli yake. Siku ya arobaini ukoo unakuja kuisikiliza. Inaulizwa maswali matatu tu: moja la ukoo, moja la mama mzazi, moja la mjane. Ikijibu, jibu linasimama mbele ya baraza kama la mtu mwenyewe aliyeweka sahihi. Kisha inafutwa, vipuri vinagawiwa ndugu kama zilivyokuwa zikigawiwa nguo za marehemu zamani, na watu wanarudi makwao wakiwa wepesi kidogo.

Swali la ukoo lilikuwa linajulikana kabla halijaulizwa. Sekela akae na nani? Alelewe Tukuyu na mama yake, au ateremke Kyela kwa watu wa baba yake?

Kauli ya Ambakisye ingejibu, kama ingekuwa hai. Desturi inasema msiba ukiingia, mashine inazimwa kwanza, ndipo inafunikwa kitenge. Kuzima ni kazi ya mjane, kufunika ni kazi ya mama mzazi. Tupokigwe, fundi aliyekwishazima mashine za misiba ya watu wote wa mtaa ule, alisahau kuzima ya kwake. Mama mkwe alipanda kutoka Kyela usiku ule ule, akaifunika kitenge kama inavyotakiwa. Halafu alipoona mvua ya Tukuyu inavyopiga kwenye bati na pumzi za watu zinavyotoka kama moshi, akaongeza blanketi. Tangu utotoni mwanawe hakuwahi kuiweza baridi.

Siku tatu mashine ilifanya kazi chini ya kitenge na blanketi. Siku ya nne Tupokigwe alipita karibu, akasikia joto kwenye goti. Akapenyeza mkono, akachomoa waya ukutani, hakumwambia mtu. Desturi hairuhusu mashine kufunguliwa kabla ya siku ya thelathini na sita, naye alingoja siku hizo zote kama mtu aliyemeza mfupa wa samaki, asiyejua kama umeshuka au umekwama.

Sasa aliifungua, akaanza kuangalia kipi kimepona.

*

Alihamisha kila kitu kwenye kasha jipya lenye matundu mbele na nyuma. Mazabodi, ule ubao mkuu, ilikuwa nzima. Pawa saplai ilikuwa nzima, ila vumbi lake lilikuwa limeoka. Feni ya nyuma mabawa yake yalikuwa yamepinda, akaweka nyingine. Aliponyanyua kipozeo, lile pande la bati lenye mapezi linalokaa juu ya prosesa, alikuta pesti chini yake imekauka na kupasuka kama ukoko.

Mama mkwe alikuja akakaa kwenye kigoda karibu naye, sweta mbili mwilini na kitenge kichwani. Alikuwa mwanamke mrefu, mkulima wa mpunga, asiyependa kukaa bila kuuliza. Kwao Kyela mashine hazikai. Joto la bondeni liliwashinda mafundi zamani, na mashine za watu wa kule zote huwekwa huku milimani, zikitembelewa mara mbili kwa mwaka kama wagonjwa.

"Unamfanya nini hapo?"

"Nasafisha, mama. Hii ya zamani inatolewa, inapakwa nyingine, ili joto litoke kwenye prosesa liende kwenye bati."

Alifuta kwa pamba na spiriti mpaka prosesa ikang'aa. Kisha akaminya pesti mpya katikati, tone dogo.

"Ndiyo hivyo tu? Basi bakhili wewe. Mpake vizuri mtoto wa watu."

"Ikizidi inamwagika pembeni. Inatakiwa kama punje ya mchele."

"Mchele wa Kyela au wa dukani?"

"Wa Kyela, mama."

"Hapo sawa." Mama mkwe alitabasamu peke yake. Tupokigwe aliona kwamba pale palikuwa pa kutabasamu, akaendelea na kazi. Alikaza skrubu za kipozeo kwa msalaba, ya juu kushoto kisha ya chini kulia, kidogo kidogo, kama alivyofundishwa kwenye masomo ya jioni chuo cha ufundi, aliyoyaanza kabla ya ndoa na kuyamaliza tumbo la Sekela likigusa meza. Mwalimu alikuwa akisema, ukikaza upande mmoja mpaka mwisho, unavunja upande wa pili. Alikaza mpaka mkono ukamwambia basi.

"Na hizi feni mbili za nini?"

"Ya mbele inavuta hewa ya baridi. Ya nyuma inatoa ya moto."

"Kama pua."

"Pua matundu yote mawili yanafanya kazi moja, mama."

"Usinifundishe pua, mama Sekela, ninayo tangu kabla hujazaliwa." Alisogeza kigoda. "Lakini baridi ya hapa kwenu. Yaani unamwekea na mashine ya kumvutia baridi ndani? Haitamdhuru?"

Tupokigwe alikuwa anachomeka waya wa feni. Alichomeka, akasikia ukikita, ndipo akajibu. Angeweza kujibu vingine, lakini kichwa chake siku zile hakikuwa na nguvu ya kuchagua.

"Inapenda baridi, mama. Kinachoiua ni joto."

Macho ya mama mkwe yalitoka kwenye feni, yakaenda kwenye kochi, mahali blanketi lilipokuwa limekunjwa juu ya kitenge. Yakakaa pale. Kisha alinyanyuka, akasema anakwenda kutazama maharage, na maharage yalikuwa bado hayajabandikwa.

*

Zilibaki diski.

Zilikuwa mbili. Moja mpya na ndogo, nyepesi kama kiberiti, yenye kasi. Nyingine ya zamani, nzito, aliyoiokota kwenye vyuma chakavu vya shule, yenye nafasi kubwa lakini inayosota. Alizipanga yeye mwenyewe mwezi wa kwanza wa ndoa. Mwalimu wake alikuwa na msimamo mmoja kuhusu mashine za kauli: ziwekwe pacha. Kinachoandikwa huku kinaandikwa na kule, ikifa moja, nyingine inabaki na kila kitu. Lakini pacha zinataka diski mbili zinazolingana, na wao walikuwa na hizo mbili tu, zisizolingana.

"Weka inayokimbia," Ambakisye alisema siku ile, akiwa amelala chali kwenye mkeka huu huu. "Mimi sipendi kungoja."

Akapanga mgawo. Mambo ya kila siku yakae kwenye diski ya kasi: chakula, mtoto, kazi, maneno ya chumbani. Mambo yanayokaa muda bila kutajwa yahamie kwenye diski ya zamani. Hakuna nakala. Ulikuwa mpangilio wa kawaida, nusu ya mtaa wameuweka, na nusu hiyo ni yeye aliyewawekea. Diski ya zamani aliifunga juu kabisa kwenye kasha, chini ya bati, palipokuwa na nafasi. Joto hupanda juu.

Aliunganisha ile ya kasi, ikawaka. Aliunganisha ya zamani, ikagonga. Tik, tik, tik, kama kucha kwenye kioo. Alibadilisha waya. Alibadilisha tundu. Aliizima, akaiacha dirishani kwenye upepo wa mvua saa nzima, akairudisha. Tik, tik, tik.

Alijua tangu tik ya kwanza. Nusu ya mume wake, ile ya Kyela, ya utotoni, ya mama yake, ya mwaka wa kwanza wa ndoa, haikuwepo tena. Alingoja maumivu yaje. Yalikuja yamesimama mbali, kama mtu anayemjua anayepita ng'ambo ya barabara bila kusalimia.

Kwenye skrini palitokea maneno: NUSU YA KAULI IMEPATIKANA. IJAZIWE? Chini yake, NDIYO na HAPANA.

Kujazia kulikuwa kazi ya kawaida ya mashine. Kama kauli imepungukiwa na vipande vichache, yenyewe inakisia kwa vile vilivyobaki na kuziba. Tupokigwe alikwishaitumia mara nyingi kwa watu, kwa pengo la wiki moja, la mwezi mmoja. Hakuwahi kuona inapendekezwa kwa nusu nzima.

Alianza na HAPANA.

Feni zikaanza kuzunguka, taratibu, hewa safi ikapita.

"Tupo," sauti ilisema. "Umekula?"

Alishika magoti. "Nimekula."

"Muongo."

Alikuwa muongo kweli. Alisikiliza feni, halafu akasema, "Mama yupo hapa."

"Mama yako kaja?"

"Mama yako wewe. Kutoka Kyela."

Pakawa na kimya. Si kimya cha mtu anayefikiri. Ni kimya cha chumba kisicho na mtu. "Sina habari hiyo," sauti ilisema kwa upole. "Samahani, Tupo."

Alizima. Akawasha upya, akabonyeza NDIYO. Ilichukua dakika ishirini. Prosesa ilipanda joto, feni zikapandisha mwendo, kipozeo chenye pesti mpya kikafanya kazi yake vizuri kabisa.

"Mama yupo hapa," alisema tena.

"Eeh! Kafika?" Sauti ilichangamka. "Mwambie apumzike kwanza, maana akifungua ile redio yake hatulali leo." Kikafuata kicheko, na kicheko kilikuwa chenyewe, kinaanzia puani kinashukia kifuani.

Lakini neno halikuwa lake. Redio lilikuwa neno la Tupokigwe. Alimwita mama mkwe redio mara ya kwanza jikoni, mwaka wa pili, na Ambakisye alikasirika, akamwambia usimseme mama yangu hivyo, akalala ameelekea ukutani. Ugomvi ule ulihamia diski ya zamani, ukafa nayo. Neno lilibaki, kwa sababu Tupokigwe aliendelea kulitumia na dada yake kwenye simu, wiki baada ya wiki. Mashine ililikuta limetapakaa nyumbani, ikadhani ni la baba mwenye nyumba.

Akauliza, kwa sauti ndogo, "Sekela akae na nani?"

"Na wewe. Swali gani hilo?"

Basi lilikuwa rahisi hivyo. Kubonyeza NDIYO siku ya arobaini, na mama angepokewa kwa jina, na ukoo wangesikia jibu, na mtoto angebaki. Hakuna mtu kutoka Kyela ambaye angejua tofauti. Baraza lisingeuliza, kwa sababu fundi wa baraza kwa mtaa ule alikuwa yeye.

Ila alikumbuka jambo moja. Mwaka ule wa kwanza Ambakisye aliwahi kumwambia, kwetu mtoto wa kwanza hulelewa na bibi, mimi mwenyewe nililelewa hivyo na sijuti. Yeye hakujibu kitu, walikuwa hawajapata mtoto bado. Ambakisye alibadili mawazo baadaye? Hakubadili? Wao wenyewe hawakuwahi kuyarudia. Mahali pekee lilipokuwepo jibu ni pale palipokuwa pakigonga tik, tik, tik.

*

Ukoo ulifika Jumamosi mchana, baada ya ibada ya arobaini. Mkubwa wao alikuwa Nsajigwa, kaka wa marehemu, mtu mnene mwenye koti la kuazima lisilofunga vifungo.

"Shemeji, pole na wewe, nyumba hii mnaishi ndani ya friji," alisema akipuliza vidole. Watu wakacheka kidogo, wakaketi. Chai ilizunguka. Sekela alipanda kwenye mapaja ya bibi yake akaanza kumfungua vifungo vya sweta.

Nsajigwa alisafisha koo. "Haya. Tumekuja kumsikia ndugu yetu. Shemeji, washa."

Tupokigwe alisimama kando ya kasha. Usiku alikuwa amelala vizuri, na hilo lilimshangaza. Alikuwa bado hajaamua chochote. Aliweka kidole kwenye kitufe, na kidole hakikubonyeza, akajua kwamba kumbe ameamua.

"Kabla sijawasha," alisema. "Diski moja imekufa. Iliungua siku za msiba. Iliyobaki ina mambo ya nyumba hii tu. Ya Kyela hayamo. Kauli hii ni nusu, na nusu yenyewe ni ya kwangu."

"Ya kwako vipi?"

"Mimi ndiye nilipanga nini kikae wapi. Na sikuweka nakala."

Nsajigwa aliweka kikombe chini. "Iliungua kwa nini?"

"Sikuizima. Kuzima ilikuwa kazi yangu, nikasahau."

"Diski haiungui kwa kusahauliwa tu, shemeji, hata mimi najua. Zinawaka mwaka mzima."

Tupokigwe alitazama ukuta.

"Niliifunika mimi," mama mkwe alisema. Sauti yake ilikuwa kavu. "Na blanketi juu. Nilidhani anasikia baridi. Mwacheni msichana." Alimshusha Sekela mapajani taratibu. "Lakini nimesikia mashine hizi zinaweza kujaziwa. Jirani yangu alijaziwa mumewe. Mama Sekela, hiyo kazi unaiweza?"

"Naiweza, mama."

"Basi mjazie. Mimi sitaki mengi. Nataka aniite mama mara moja, halafu mfute."

Chumba kizima kilimtazama Tupokigwe. Hapa sasa alikuwa anaombwa. Angebonyeza kwa huruma, na huruma hiyo ingemwachia mtoto, na hakuna ambaye angemlaumu hata mbele za Mungu. Aliona jambo hilo wazi, kama mtu anavyoona bei kwenye karatasi.

"Nilimjaribu juzijuzi," alisema. "Alikuita mama, akacheka. Lakini mashine ilikosa ya kwake kuhusu wewe, ikachukua ya kwangu. Atakachokwambia ni vile mimi ninavyokusema nikiwa jikoni."

"Unanisemaje?"

"Vibaya, mama. Si kila siku."

Mtu mmoja alikohoa. Mama mkwe alimtazama mkwewe kwa muda mrefu, kisha pembe ya mdomo wake ikacheza kidogo. "Angalau si kila siku," alisema. "Basi washa hivyo hivyo alivyo."

Tupokigwe alibonyeza HAPANA. Feni zikazunguka.

Mama mkwe alisogea mpaka magoti yakagusa kasha. Aliongea kwa Kinyakyusa kwanza, maneno machache ya chini, na mashine haikujibu. Ndipo akasema kwa Kiswahili, "Ambakisye. Hujambo?"

"Sijambo, shikamoo mama," sauti ilisema. "Samahani, sikufahamu vizuri. Lakini karibu sana. Umetoka mbali? Kaa karibu na jiko, hapa kwetu kuna baridi. Tupo atakuletea chai."

Hakuna aliyesogea.

"Marahaba," mama mkwe alisema. "Chai nimekunywa." Akajifuta uso kwa kiganja, mara moja, kutoka juu mpaka chini. "Mnaona? Hata asiyemjua anamkaribisha. Nilimlea vizuri." Akarudi kwenye kiti chake. "Swali langu limekwisha."

Tupokigwe alisema la kwake lisiulizwe. Nsajigwa alikaa akikuna kidevu. Hakuwa mtu mbaya, na jambo lenyewe halikumfurahisha.

"La ukoo nalo siliulizi," alisema mwishoni. "Atasema akae na mama yake, na sote tumeshaambiwa kwa nini. Kauli hii haisimami. Na kauli isiposimama, shemeji, unajua inavyokuwa. Mambo yanarudi kwenye desturi. Mtoto ni wa watu wa baba yake." Aliangalia chini. "Umesema ukweli na nakuheshimu. Lakini tutateremka naye leo, kabla ukungu haujafunga barabara."

Tupokigwe aliitikia kwa kichwa. Kisha akafanya kazi iliyobaki, maana nani mwingine angeifanya. Alifungua ukurasa wa diski, akachagua FUTA YOTE, akathibitisha mara mbili. Ilichukua sekunde kumi na moja. Alizima, akachomoa, akafungua vipuri mbele yao kimoja kimoja: kipozeo kwa Nsajigwa, feni kwa binamu, vijiti vya ramu kwa shangazi aliyetaka kuvifanya hereni. Diski ya zamani hakuna aliyeitaka. Aliiweka juu ya kabati.

*

Nje, Nsajigwa alikwishawasha gari. Ndani, chumba cha kulala, mama mkwe alikuwa akikunja nguo za Sekela na kuzipanga kwenye begi, na Tupokigwe alikuwa akimpa moja moja kutoka kwenye sanduku. Mtoto alikuwa uani akiwafukuza kuku.

"Asubuhi anakula nini?"

"Uji wa ulezi. Usiuchanganye na maziwa, anatapika. Maziwa mpe pembeni, anakunywa yote."

"Pembeni. Haya. Akiumwa?"

"Akishika sikio la kushoto, ni koo."

"Sikio ni koo?"

"Ndiyo, mama. Hata daktari alishangaa. La kulia ni uongo tu, anataka kubebwa."

Mama mkwe alirudia kwa midomo bila sauti. "Kulala?"

"Anataka mtu amhesabie vidole vya miguu. Ukifika saba, unaanza upya. Usifike kumi, anaamka kabisa, hatalala tena mpaka nusu saa nyingine."

"Saba. Kwa nini saba?"

"Sijui. Ndivyo alivyo." Alimpa gauni la njano. "Hili usimvalishe siku ya mvua, anaogopa linavyogandia mgongoni. Akisema hana njaa, muulize mara ya pili, usimuulize mara ya tatu. Mbwa haogopi. Anaogopa bata. Akinyamaza ghafla akiwa anacheza, kamwangalie, kuna kitu amekiweka mdomoni."

"Na akimuulizia baba yake?"

Tupokigwe alifungua mdomo. Alikuwa na soksi moja mkononi, ndogo, yenye kisigino kilichotoboka. "Hajauliza bado," alisema. "Nilikuwa nangoja aulize. Nilikuwa sijajua nitamwambia nini, nikawa nangoja." Akagundua kwamba ameketi sakafuni, na hakukumbuka kuketi. Kitu kilianza kwenye vidole, kikapanda mikononi, kama mguu uliokaliwa muda mrefu unaporudiwa na damu, na kilikuwa kinauma. Kilipofika kooni akalia. Alilia kwa sauti mbaya, bila kujifunika, ile soksi kaiminya mdomoni.

Mama mkwe hakumgusa. Alisimama na gauni la njano mkononi mpaka kilio kikapungua. Nje, gari lilipiga honi mara moja, kwa adabu.

"Nina miaka sitini na nane," mama mkwe alisema. "Asubuhi nilisahau mahali nilipoweka kanga niliyokuwa nimeivaa. Hili la saba nikilisahau?"

"Nipigie simu, mama."

"Na la sikio?"

"Nipigie tu."

"Nikupigie usiku, nikupigie asubuhi, nikupigie akinyamaza." Alilitazama begi. Alilitazama kama alivyolitazama blanketi siku ile, macho yakikaa mahali pamoja. Kisha akalitoa gauni alilokwishalipanga, na la chini yake, na la chini yake, akayaweka yote kitandani, begi likabaki limeachama tupu. Akaenda dirishani.

"Nsajigwa! Zima hilo gari!"

"Mama, ukungu unashuka!"

"Basi teremka wewe na wenzako. Mimi nabaki mwezi huu, na mtoto anabaki na mama yake. Watu wa baba yake si ni mimi? Nimeshasema. Na kama unabaki, ingia ule, maharage yameiva."

Uani kuku walilalamika. Halafu injini ikanyamaza.

Mama mkwe aliteremka sakafuni kwa shida, goti moja kwanza, akaketi karibu na Tupokigwe, migongo yao ikiegemea kitanda. Akavuta kitenge, akajifunga vizuri kiunoni kama mtu anayeingia shambani.

"Haya," alisema. "Anza upya, polepole. Uji wa ulezi."